Marehemu Agoma Kutia Sahihi

Barua iliandikwa kwa adabu zote: "Kwa Msimamizi wa Mirathi ya Marehemu Cornelius Bascombe, Baltimore." Jibu lilikuja kwa simu.

"Profesa Pruitt? Marehemu hapa. Msimamizi ametoka kidogo, amekwenda kununua sigara."

Thaddeus Pruitt alikaa bila kuangalia kama kiti kipo. Kwa bahati kilikuwepo. Kwa miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa kutunga vitabu vya marejeo, vile vinene ambavyo wanafunzi huvifungua maktabani wakanakili aya mbili na kuvifunga. Alianza na waandishi weusi, wakaja wahamiaji, wakafuata Wahindi Wekundu, na sasa alikuwa na cha nne, cha waandishi mashoga wa Amerika, kurasa mia saba. Sheria yake ilikuwa moja, na aliwaimbia wachangiaji wake wa makala mpaka wakaichoka: hakiingii kitu kisicho na hati. Leo amemzika kitabuni mtu aliye hai, bila hata cheti.

Kitabu kilikuwa kinakwenda mtamboni Jumatatu. Bila sahihi ya Bascombe kuruhusu shairi lake, ukurasa wake ungeng'olewa, na vitabu vya mshairi mwenyewe vilikwisha madukani zamani. Huo ukurasa ndio uliokuwa umebaki. Pruitt akapanda treni siku iyo hiyo.

Mzee alimfungulia mlango katika joho la zambarau la kulalia, saa saba mchana. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, mweusi tii, na tumbo lililomtangulia.

"Karibu, muuaji. Umekula?"

Mezani palikuwa na kambare wa kukaanga na kabichi. Pruitt akala, maana aibu haizuii njaa.

"Mzee Bascombe, naomba radhi. Mchangiaji wetu aliulizia habari zako kwenye duka la vitabu. Wakamwambia hujaonekana mazishini tangu mwaka themanini na nane."

"Akapiga hesabu kwamba yaliyofuata yalikuwa yangu."

"Ndiyo, mzee."

Wala halikuwa kosa la kijinga. Miaka ile ukimwi uliwafagia mashoga hasa, na mtu wao asiyekosa mazishi akikosekana, hakuna aliyeuliza kaenda wapi. Walitafuta tarehe tu.

"Nilihudhuria mazishi thelathini na nane," mzee akasema. "Ya mwisho yalikuwa ya Ellis. Nikasema basi, waliobaki wazikane wenyewe." Akavaa miwani, akauvuta ule ukurasa aliokuja nao Pruitt. "Sasa hapa umeandika nini? 'Aliishi na rafiki yake wa siku nyingi, Ellis Vandermeer.' Rafiki? Rafiki ni wewe unayenimalizia kambare! Miaka ishirini na tisa, Profesa. Andika mume, nitie sahihi."

"Siwezi bila hati."

"Hati nani angenipa? Gavana?"

"Chochote chenye majina yenu mawili, kinachotaja uhusiano."

Mzee akaguna, akaingia chumbani, akarudi na fomu ya hospitali yenye mhuri. Jina la mgonjwa: Ellis Vandermeer. Jina la jamaa: Cornelius Bascombe. Uhusiano: kaka.

"Wodini hawakuruhusu mtu ila ndugu wa damu," mzee akasema. "Muuguzi akanitazama mimi, akamtazama Ellis, mweupe kama unga wa ngano. 'Huyu ni kaka yako?' Nikamwambia, tumbo moja kabisa, ila mimi walinisahau kwenye tanuri." Akacheka peke yake. "Akaniruhusu, Mungu ambariki. Nilimshika Ellis mkono mpaka mwisho, kwa uongo huo."

Pruitt aliigeuza fomu mbele na nyuma. Kwa sheria yake mwenyewe, hati ndiyo hii. Akiifuata, kitabu kitasema hawa walikuwa kaka mtu na mdogo mtu, na wanafunzi watanakili hivyo mpaka kiama. Masikio yakamwaka kwa haya. Vitabu vinne kuhusu watu waliokanwa na makaratasi, na yeye ndiye bawabu wa makaratasi.

Akatoa kalamu, akafuta tarehe ya kifo. Akakata "rafiki yake wa siku nyingi", akaandika neno moja juu yake. Chini, penye vyanzo, akaongeza: "Mgane wa Ellis Vandermeer, kwa kinywa chake."

"Soma," mzee akasema.

"'Aliishi na mumewe, Ellis Vandermeer.'"

"Tena."

Akasoma tena. Mzee alikuwa analia bila kujificha, machozi yakidondokea kabichi.

"Tena, mwanangu. Polepole."

Akasoma mara ya tatu. Mzee akajipangusa kwa mkono wa joho, akavuta karatasi ya ruhusa na kutia sahihi kubwa iliyovuka mstari.

"Haya," akasema. "Sasa hata mkitaka kuniua, niueni."