Kiti Kimoja, Sauti Moja

"Hivi mumeo haja ikimbana hujua mwenyewe, au mpaka wewe umkumbushe?"

Mama Marashi wa ghorofa ya pili alimuuliza hivyo siku moja pale kwenye ngazi, mbele za watu, huku ameziba pua kwa ncha ya mtandio. Mke wa Fundi alikuwa na beseni la nguo za watu kichwani. Alipita, na kicheko kikamsindikiza mpaka mlangoni kwake.

Leo ilikuwa siku ya mkutano wa wakazi, naye alikuwa amepiga magoti chumbani akimteremsha mumewe kutoka kwenye kiti. Alimshika kwapani akamvuta taratibu, miguu ikaburuzika kama suruali isiyo na mtu. Akamlaza kwenye mkeka, akamkingia ubavuni bunda la matambara asije akabingirika.

"Kiti changu unakipeleka wapi?" Fundi aliuliza.

"Juu. Bila kiti hawanisikilizi."

"Na mimi?"

"Vumilia kidogo, baba. Shemeji ameahidi kutusemea. Nikirudi nitakupeleka msalani."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Mwenyekiti. Alikuwa karani mstaafu, na alipochaguliwa alikuta mikutano ya jengo ni kelele na matusi, akaapa kuinyoosha. Kila chumba kilete kiti chake. Aliyekaa ana sauti, aliyesimama anasikiliza. Ajenda, maneno mafupi, uamuzi, kila mtu kwake. Watu wakamsifu, maana mkutano uliisha chai ikiwa bado ya moto. Wale wa vyumba vya chini, wanaokalia vitanda na ndoo zilizopinduliwa, wakazoea kuegemea ukuta.

Kiti cha Fundi kilikuwa cha mbao, kimekatwa tundu katikati. Shemeji ndiye aliyelikata kwa msumeno wake. Hakuwa shemeji wa ndoa. Alikuwa fundi bomba wa ghorofa ya kwanza, aliyefanya kazi na Fundi tangu ujana wao. Kiti hicho Mke wa Fundi hukibeba mpaka choo cha chini, akakiweka juu ya shimo, kisha akamleta mumewe mgongoni akamkalisha, naye akajisitiri kama binadamu. Vyoo vingine vyote vilikuwa juu ya ngazi. Na kwenye ngazi mkewe hawezi kumbeba, tangu Fundi alipoanguka kutoka kwenye tangi la maji juu ya paa la jengo hilohilo, siku kamati ilipomwomba azibe ufa kwa kujitolea. Siku ile Shemeji ndiye aliyemshikia ngazi.

Mkutano ulikuwa huko huko juu ya paa, kwenye kivuli cha tangi. Mke wa Fundi alifika anahema, akatua kiti, akakaa ukingoni mwa tundu ili asitumbukie. Mwenyekiti akaomba sala fupi. Hata Mungu alipimiwa muda wake.

"Ajenda ni moja," alisema. "Choo cha chini kinatutia aibu kwa harufu. Kamati inapendekeza kifungwe, ukuta wa upande wa barabara utobolewe, pawe duka. Kodi yake itawasha taa za ngazi. Mpangaji yupo tayari."

Mpangaji alikuwa kaka wa mke wa Mwenyekiti. Kila mtu alijua, kila mtu akaangalia vidole vyake.

"Naomba kusema," alisema Mke wa Fundi.

Mwenyekiti alimtazama kwa upole. "Mama, hicho ulichokalia ni nini?"

"Ni kiti, mwenyekiti."

"Hebu simama tukione."

Akasimama. Jua likapenya kwenye tundu, likachora duara juu ya sakafu. Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele.

"Hicho ni choo," alisema Mwenyekiti. "Nikianza kuhesabu vyoo, kesho mtaniletea na masufuria."

"Kumbe choo mnacho chumbani," Mama Marashi akadakia. "Sasa mnatulilia nini jamani?"

"Hiki kinakaa juu ya shimo. Bila shimo ni ndoo tu, mama, chumbani humohumo ninamopikia, ninamoanika nguo zenu mvua ikinyesha. Nani atanipa tena shuka lake nimfulie?"

"Mimi sikupi," alisema Mama Marashi, na watu wakacheka tena.

"Hiyo ni ajenda nyingine," Mwenyekiti akakata. "Tena umeshasimama, mama. Waliosimama wanasikiliza. Sheria haina upendeleo. Hata mimi nisingekuwa na kiti, ningefunga mdomo." Akaonyesha ukuta kwa kalamu.

Mke wa Fundi alikwenda ukutani, kiti mkononi. Shemeji alikuwa amekaa mstari wa mbele kwenye kiti cha plastiki, anabandua gundi ya mabomba iliyokauka kwenye kidole gumba. Juzi tu alikuwa amekaa mkekani kwa Fundi, akala chakula chao, akasema, wakifika kwenye habari ya choo mimi nitasimama kuwatetea.

"Wenye viti, kuna mwenye neno?" Mwenyekiti aliuliza.

Maji yakabubujika ndani ya tangi.

"Shemeji," Mke wa Fundi aliita kwa sauti ya chini. "Sema basi."

Mwenyekiti akatabasamu. "Aseme, kwa nini asiseme? Yeye ndiye tuliyempa kazi ya kukibomoa. Fundi bomba, waambie wakazi unaanza lini."

Shemeji akakohoa. "Kesho asubuhi."

"Safi. Wanaoafiki?"

Mikono ikapanda kila penye kiti. Wa Shemeji ulipanda mwisho, ukaishia sikioni. Mwenyekiti akawashukuru kwa mkutano wenye tija, akawaombea wafike salama makwao, watu wakaanza kuinua viti vyao.

Mke wa Fundi alisogea mpaka mbele ya Shemeji. Hakupaza sauti.

"Nikishuka sasa hivi atakuwa anasubiri. Kwa leo nitampeleka. Kesho, shemeji, nimpeleke wapi?"

Shemeji alisimama. Akainua kiti chake akakiweka kichwani, akapita kiubavuubavu mguu wa kiti usimguse Mke wa Fundi, akashuka ngazi.