Nia ya Kukaa Fennick

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Fennick, mji mdogo wa Kanada, hawakungoja ya tatu. Lakhvir Dhaliwal alishuka kwenye basi asubuhi, jioni akawa anaoka mikate ya mji mzima. Miaka mitatu baadaye, waungwana wale wale walioshiba mikate yake wakamwita mbele ya kamati, wapime kama ana nia ya kukaa. Wakimpendekeza, jimbo litamteua, naye atapata ukaazi wa kudumu. Wakimkataa, kibali chake kitaisha kabla ngano haijapandwa, na yeye, mkewe Nirlep na mtoto wao Mehtab watafungasha.

Mwenyekiti alikuwa mzee Orville Petryshyn, ambaye watoto wake wote walihamia miji mikubwa na hawarudi hata Krismasi. Mji uliokimbiwa na kila mwenye miguu ulikuwa na hofu kubwa kwamba Mpunjabi mmoja angeukimbia.

Lakhvir alijiandaa. Kwao mgeni husifu hata chumvi iliyozidi, na binamu yake wa Brampton, bingwa wa mambo yote kwa simu, alimwambia asifu mara mbili.

"Baridi ya hapa nzuri sana," alisema. "Inaburudisha."

Nje mate yalikuwa yakiganda kabla ya kufika chini. Wajumbe wakatazamana.

"Inaburudisha?" Orville akauliza.

"Sana, mzee. Na barabara zenu nzuri. Hata mbu wa kiangazi wana adabu."

Orville akaweka kalamu chini. "Kijana, nimezaliwa hapa, sijamsikia mtu mwenye akili akisema hivyo. Aliyekutangulia alitusifia hivi hivi. Alipopata karatasi zake alitoweka, hata sahani ya kanisa hakurudisha."

Orville akamgeukia Nirlep, aliyekuwa ameagizwa atabasamu tu.

"Na wewe, mama, unapapenda?"

"Nipende nini? Greda lenu linasafisha barabara, theluji yote linanirundikia mlangoni. Nachimba, linarudi. Dereva ananiona, ananipungia mkono. Manispaa wananiambia nisubiri. Nisubiri nini, iyeyuke?"

"Mama Mehtab, unatuzika," Lakhvir alinong'ona kwa Kipunjabi.

"Niache, Baba Mehtab. Kaniuliza." Akaendelea kwa lugha ya wenyeji: "Na mwakani mkimpa kazi dereva huyo huyo, nitakaa mstari wa mbele kwenye mkutano wa mji nimseme."

Orville akauliza polepole, "Mtaa wa Tatu?"

"Wa Tatu."

"Mimi pia. Jana kalizika sanduku langu la barua."

Mjumbe mwingine akadakia habari ya uzio wake, mwingine ya mbwa wake. Wakalisema greda lile mpaka chai ikapoa. Sifa za Lakhvir hakuna aliyezikumbuka tena. Orville akatia saini pendekezo huku bado analaani.

Mlangoni alimshika Nirlep mkono. "Huo mkutano wa mwakani, mama, umseme na kwa niaba yangu. Nyumba nimeuza. Jumamosi nahamia Calgary kwa binti yangu."

Lakhvir alishikwa na hasira, kisha huruma, na hakujua aanze na ipi. Yeye alipimwa nia kwa saa nzima. Mzee hakuna aliyemwuliza.

Jumamosi greda lilipita kama kawaida, na lori la mizigo la Orville likakwama uani kwake. Mzee alisimama kibarazani na koti lake la safari.

"Chukua koleo," Nirlep alimwambia mumewe.

Wakamchimbia njia ya kuondokea.