Mboga Zisizo na Chumvi

Bakuli la kwanza la chakula liliingia Jumapili mchana, kabla Lavelle Gaines hajavua tai.

Asubuhi ile mchungaji alikuwa amewaomba waumini wote wamkumbuke Shemasi Gaines, "anayeteseka na figo." Lavelle, mzima kama lori lake, aligeuka kumtafuta Gaines mwingine. Hakumwona.

Aliyempelekea mchungaji habari ni Mama Odessa Pruitt, mkuu wa akina mama wa kanisa wavaao nyeupe. Alhamisi alikuwa amemwona Lavelle akiingia kwenye jengo la Mtaa wa Lamar. Hapo chini watu wenye figo mbovu husafishwa damu kwa mashine, na nusu ya kanisa lao pale Memphis ina mtu kwenye zile mashine. Hakuna aliyewahi kuuliza juu kuna nini.

Juu kuna Daktari Whitlow, mwanamke mweusi asiye na sindano wala dawa. Kazi yake kusikiliza. Lavelle alianza kwenda kwake kila Alhamisi kwa sababu tangu ndugu yake Cleon afie kwenye lori, kando yake, hakuwa akilala. Sasa angalau alikuwa ameanza kusinzia.

"Waambie ukweli," mkewe Verlene alisema, akitafuta nafasi ya keki ya tatu.

"Niwaambie shemasi wao ana wazimu? Heri figo. Mtu wa figo anaheshimiwa."

Mlango ukagongwa. Mama Odessa akaingia na kofia yake nyeupe na sufuria la mboga za sukuma.

"Sikutia chumvi, mwanangu, wala nyama. Na Alhamisi nakupeleka mwenyewe. Nimekaa na marehemu mume wangu kwenye mashine zile mpaka mwisho. Hutakaa peke yako."

Lavelle aliona njia mbili tu. Aseme amepona kwa muujiza, kanisa lipige makofi, asikanyage tena kule juu. Au aseme kweli. Akakumbuka usiku usio na usingizi.

"Figo zangu nzima, Mama."

"Usinichezee. Nimekuona kwa macho yangu."

"Huwa napanda juu."

Mama Odessa akatua sufuria. "Kwa yule wa vichwa?"

"Huyohuyo."

"Lavelle! Sisi tunaye Yesu."

"Ninaye. Na silali."

"Unampelekea mtu baki mambo ya nyumbani?"

"Nampelekea Cleon. Hapa kila nikimtaja mnaniambia nijikaze. Yule ananiacha nilie."

Mama Odessa ndiye aliyemfundisha Cleon sala akiwa mtoto. Aliinyoosha glavu yake kidole kimoja kimoja.

"Kumbe nimeharibu sukuma nzuri bure," alisema hatimaye. "Verlene, lete chumvi. Na ile nyama ya nguruwe ya moshi, usinifiche, najua unayo."

Alivitia vyote sufuriani, akaenda zake, na Lavelle hakujua kama amesamehewa au amefukuzwa.

Alhamisi honi ikalia nje. Mama Odessa alikuwa kwenye usukani, kofia kichwani. "Nilisema nakupeleka. Ingia."

Pale jengoni Mama Odessa alibaki kule chini kwenye mashine, katikati ya watu anaowajua. Lavelle alikuwa bado kwenye ngazi aliposikia mmoja akiuliza, "Mama, umekuja na nani leo?"

Mguu wake ukasita.

"Lavelle Gaines," Mama Odessa akajibu, kwa sauti yake ya kanisani. "Yuko juu, anamlilia ndugu yake. Una neno?"

Lavelle akapanda.