Barua Mkononi mwa Keturah

Ua lilikwisha kuchorwa. Keturah alilitazama lile waridi jekundu lililoshikwa na mkono wake kwenye picha, nusura apige kelele.

"Fundi! Si tulikubaliana barua?"

Jabez Tuttle, mchoraji aliyezunguka na farasi wake kijiji hadi kijiji, alikuwa na siku ya tisa akilala darini kwao na kumaliza maharage yao. Alijifuta rangi kwenye suruali. "Muulize mama mkwe wako."

Bibi Mehitabel alikuwa akikoroga uji wa mahindi motoni, wala hakugeuka. "Nimesema mimi. Mke hushika ua. Anayechorwa akiwa na karatasi mkononi ni mjane anayegombea urithi. Unataka wageni wakiingia humu waseme mwanangu kafa?"

Asahel, mumewe Keturah, aliacha kushona kiatu akajipapasa kifua. "Ngoja nihakikishe. Aa, bado nipo."

"Cheka tu, Asahel," alisema Keturah. "Wewe wamekuchora umeshika kalamu!"

Kweli, picha yake ilikuwa imeegemezwa ukutani, imeshakauka, naye ameshika kalamu ya unyoya kama hakimu, yeye ambaye mkono wake haukuzoea ila sindano ya viatu.

Keturah alimpakata vizuri mtoto wao, Lois, mwenye miezi minane. Mwaka juzi walipouza kipande cha shamba alichoachiwa na baba yake, karani alimwonyesha kwa kidole pa kutia alama, naye akaweka X. Kusoma alijua, kama wasichana wote wa jimbo la Connecticut enzi hizo, maana Biblia lazima isomwe. Kuandika walifundishwa wavulana tu. Basi msimu huu wote wa baridi, kila jioni, alikwenda kwa dada yake mwalimu pamoja na wanawake wengine wanne, wakaandika kwa mkaa juu ya maganda meupe ya miti. Siku jina lake lilipotoka sawasawa, alirudi mbio kwenye theluji, shali mkononi, hata baridi asiisikie.

Picha hii ingebaki ukutani yeye akishaondoka duniani. Lois angeitazama. Hakutaka mwanawe arithi X.

"Fundi, unaondoka saa ngapi?"

"Nikishakunywa huo uji. Nangojwa kijiji cha pili."

"Basi likwangue ua. Bado bichi."

"Thubutu!" Bibi Mehitabel aligeuka, mwiko juu, uji ukidondoka.

Maneno yalimjia Keturah yenyewe. "Mama, hofu yako ni watu kudhani amekufa, siyo? Basi barua yenyewe itawaambia ni mzima."

Asahel akaangua kicheko mpaka kiatu kikamponyoka. "Iwaambie na kwamba nakula vizuri!"

Bibi alikaza midomo, ila kona moja ilimsaliti. "Nani ataiandika? Huyu?"

Mchoraji alikohoa. "Mimi mama, herufi nazichora tu kama nichoravyo majani. Mchungaji mmoja nilimwekea aya nzima kichwa chini. Alikuja kuigundua mkewe."

"Nitaandika mimi," alisema Keturah.

"Wewe? Si mlikuwa mnakwenda kushona kule kwa dada yako?"

"Tulishona pia, mama. Kidogo."

Jabez alikuwa ameshachukua kisu. Waridi lilitoka kwa mikwaruzo minne, na mahali pake akachora karatasi kwa rangi nyeupe juu ya rangi nyeusi ya gauni. Alichonga mpini wa brashi ukawa na ncha, akampa. "Chora ndani ya nyeupe, nyeusi ya chini itatokeza. Usikosee. Nyeupe yangu yote ndiyo hiyo."

Asahel akamchukua mtoto. Keturah alivuta pumzi, akakunja mkono wa gauni, akaanza. Ncha ilizama kwenye rangi laini kama kwenye siagi. Herufi ya kwanza! Ya pili! Ulimi ulimtoka pembeni ya mdomo kama mtoto wa shule. Bibi Mehitabel alisogea hatua kwa hatua, mpaka pumzi yake ikampiga Keturah shingoni. Akasoma kwa sauti, polepole, kama asomavyo Zaburi:

"Mama mpendwa. Asahel hajambo. Keturah."

Alirudia tena. Nyuma yao uji ulikuwa ukiungua, na hakuna aliyejali.

"Kwa hiyo hii barua ni yangu?"

"Ni yako, mama."

Bibi alipangusa macho kwa aproni, akasingizia moshi. Halafu akakunja uso. "Sasa mama yupi? Kina mama wamejaa Connecticut nzima. Weka jina langu!"

"Nafasi hakuna, mama."

"Ipo. Bana bana hapo."

Keturah akacheka, akabana jina la Mehitabel baada ya lile neno mpendwa. Lilikwenda likipungua, likipanda mlima, karatasi ikaisha, na herufi ya mwisho ikaangukia juu ya kidole gumba cha mkono uliochorwa.

"Hapo pameharibika," alisema Jabez, akinyoosha kitambaa. "Ngoja nifute."

Bibi Mehitabel alijitosa kati yake na picha, mwiko mkononi.

"Gusa uone!"