Redio ya Juu ya Paa la Bi Tabu

Maji ya Goba yana kiburi. Yenyewe yako bondeni kwenye kisima, watu wako juu kilimani, na katikati pamekaa kigongo kisichopisha mawimbi ya redio. Ndiyo maana Flaviana, fundi wa kamati ya maji ya mtaa, alifunga redio tatu. Ya kwanza iko kwenye tangi kule juu, kutoa habari kwamba maji yamepungua. Ya pili iko bondeni, kuisikia habari hiyo na kuwasha pampu. Ya tatu aliifunga kigongoni, juu ya paa la Bi Tabu, idake habari huku na kuipitisha kule.

Wiki mbili mambo yakaenda barabara, na Flaviana akaanza kutembea kifua mbele. Jumamosi asubuhi tangi likakauka, pampu kimya. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Erasmus, akampigia simu bila hata salamu.

"Fundi, mabomba makavu. Ikifika saa sita Faraji anaunganisha nyaya za pampu kama zamani, na wewe unang'oa mitambo yako."

Faraji ndiye mlinzi wa pampu. Enzi za kuiwasha kwa mkono alikuwa akiisahau, tangi linafurika, na kuta za watu zinaanguka. Flaviana ndiye aliyesimama mbele ya kamati nzima akaapa kwamba redio hazisahau. Sasa kiapo hicho kilikuwa kinamsuta.

Alifika kwa Bi Tabu saa nne na nusu, akakuta uani pamejaa. Katika siku zote, arobaini ya kuzaliwa kwa mjukuu wake imeangukia leo! Mchele umeshachaguliwa, masufuria yako tayari, na akina mama wamekalia ndoo tupu wakimtazama fundi kuanzia unyayo hadi utosi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Bi Tabu akaitikia, akageuza uso. Mwanamke huyu humkaribisha mtu chai kabla hajavua viatu, lakini leo chai hakuitaja.

Flaviana akapanda ngazi hadi paani. Jana mchana ngurumo zilirindima Goba nzima. Kama radi imeiunguza redio, nyingine itaagizwa ng'ambo, mwezi mzima, na Mzee Erasmus hawezi kungoja hata wiki. Akafungua kasha, akanusa. Hakusikia harufu ya kuungua. Akachomeka waya wa kompyuta yake.

"Mwanangu," Bi Tabu akaita kutoka chini ya ngazi. "Usijisumbue. Nimeiua mie."

"Umeiuaje, mama?"

"Jana ngurumo zilipoanza nilizima umeme wa nyumba nzima, pale kwenye swichi kubwa. Sie ndivyo tulivyolelewa: radi ikinguruma unazima, unafunika vioo, unatulia. Nikasahau kabisa kama kuna kitu chako huko juu, nikaja kuwasha jioni. Tangu asubuhi nashindwa kukwambia."

Kioo cha kompyuta kilikuwa kimeshampa Flaviana jibu. Redio ilikuwa nzima, nzima kabisa! Ila hali yake ya kazi ilikuwa ya kusikiliza tu, kama ilivyotoka kiwandani. Habari za tangi ilikuwa inazisikia vizuri, lakini haimpelekei mtu.

Hapo akakumbuka. Siku ya kufunga aliichagulia hali ya kupitisha, Faraji akapiga simu akishangilia kwamba pampu imewaka, naye akafunika kompyuta na kuikimbilia chai ya Bi Tabu. Kuhifadhi hakuhifadhi. Redio ikafanya kazi kwa kukariri, kama mtu aliyetumwa dukani bila kuandikiwa, na kwa wiki mbili umeme haukukatika hata mara moja, neema ambayo ndiyo iliyomfichia kosa lake. Ulipozimwa jana, ikasahau yote.

Kwa dakika nzima alijaribiwa kunyamaza. Bi Tabu ameshajibebesha lawama, na akina mama wote wamesikia.

"Mama, hujaua kitu," akasema kwa sauti ya kufika uani. "Kosa ni langu. Niliiagiza kazi nikasahau kuiambia ikumbuke."

Akachagua hali ya kupitisha, na safari hii akabonyeza kuhifadhi mara mbili, ya pili kwa hofu tu. Simu ikaita.

"Sista, imewaka!" Faraji alipiga kelele. "Nyaya nilikuwa nimeshazishika mkononi!"

Flaviana akacheka mpaka akashikilia bati. Kisha akachungulia chini. "Mama, nenda kazime swichi kubwa."

"Niiue tena?"

"Zima, uhesabu hadi kumi, uwashe."

Bi Tabu akaenda akinong'ona bismillahi. Faraji, simu ikiwa bado hewani, akasema habari za tangi zimekatika na pampu imenyamaza. Umeme ukarudi, taa ya kijani ya redio ikapepesa, na Faraji akasema, "Imewaka yenyewe!"

Karibu nusu saa baadaye bomba la uani likakohoa, likatema kutu, kisha maji yakaja kwa nguvu. Akina mama wakapiga vigelegele kana kwamba mtoto wa arobaini amezaliwa upya. Bi Tabu akakinga ndoo ya kwanza, akaisogeza pembeni, akamtazama Flaviana kwa macho mekundu.

"Kwa hiyo radi ikinguruma tena?"

"Zima, mama. Zima kama ulivyolelewa."

Bi Tabu akashusha pumzi ndefu, akamshika mkono. "Basi njoo unywe chai. Ila kwanza panda tena ukahakikishe umehifadhi."