Bunduki za Mninga

Onesmo Ngassa alikuwa fundi seremala wa Nyahanga, mjini Kahama. Kwa miaka mitatu, tangu mkewe Mariana afariki, zilikuwepo siku ambazo hakutamka neno lolote isipokuwa vipimo vya mlango. Binti yake wa pekee, Esta, alikuwa akipika kwenye kantini ya mgodi huko Geita. Alikuwa akipiga simu Krismasi na Pasaka tu.

Mwezi wa tano akaja Donatus, kiongozi wa kikundi cha sanaa cha Shinyanga.

"Siku ya Mashujaa tunaigiza Vita vya Kagera," alisema. "Tunataka SMG kumi na mbili za mbao. Watazamaji wasitambue kuwa si za kweli."

"Mimi sijawahi hata kushika bunduki."

"Kolandoto, jirani na Shinyanga, kuna mzee anaitwa Bujiku. Alikuwepo vitani. Mwonyeshe ya kwanza, atakuelekeza."

Onesmo akachonga ya kwanza kwa msonobari, akaiwekea bomba la maji kuwa mtutu, akakunja bati kuwa magazini ya risasi, akaipaka rangi nyeusi. Akaisafirisha ndani ya boksi hadi Kolandoto. Mzee Bujiku alikuwa ameketi kwenye benchi mbele ya nyumba yake, mguu mmoja ameunyoosha kwa sababu haukunjiki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lete nione." Akaipima mikononi. "Nyepesi. Huu ni mwiko wa ugali. Tafuta mninga." Kisha akapitisha kidole kwenye kitako. "Na hapa pasiwe na kona. Shavu linalala hapa. Ukikaa nayo miezi, mbao inalainika kwa jasho lako."

Akaingia ndani akichechemea, akatoka na viazi vitamu na maziwa ya mgando. Akauliza mninga unakaushwa vipi, na kwa nini milango hupinda wakati wa masika. Onesmo alieleza mpaka sauti ikamkauka. Alipokuwa akirudi Kahama ndipo alipotambua kwamba hakuwa ameongea kiasi hicho tangu msibani.

Wiki mbili baadaye alikuwa na bunduki ya mninga, nzito, kitako laini. Boksi lilikuwa limechanika, kwa hiyo akaifunga kwa khanga ya Mariana na kuiweka juu ya gari pamoja na mizigo mingine, ili akamwonyeshe Bujiku. Kwenye stendi ya Shinyanga, utingo alipoushusha mzigo, fundo likafunguka na mtutu ukachomoza.

"Bunduki!" mtu akapiga kelele.

Watu wakatawanyika, mama muuza karanga akaliacha sinia lake chini. Katika ukanda wa dhahabu hakuna anayesubiri kuona bunduki ni ya nani. Onesmo akabaki peke yake katikati ya stendi, mikono juu, khanga miguuni. Polisi walipofika hakubisha.

Kituoni alihojiwa na koplo mmoja mwanamke, Paskalina, ambaye alikwishagonga mbao kwa kalamu na kuona si bunduki. Hata hivyo, alikuwa na kazi yake.

"Hata kwa bunduki bandia watu wanavamiwa, baba. Barua ya hicho kikundi unachokitaja iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani."

"Basi nipe mtu anayekufahamu."

Simu ya Donatus haikupatikana. Ya Esta iliita mpaka ikakatika, mara mbili.

"Mwingine?"

Onesmo akayapitia majina kwenye simu yake. Muuza mbao. Muuza misumari. Wateja aliowaandika kwa kazi zao: Kabati, Kitanda, Dirisha. Mchungaji aliyehamishwa. Kisha Mariana, namba ambayo hakuwahi kuifuta. Kidole chake kikasimama hapo.

"Huyo nani?" Paskalina akauliza.

"Marehemu mke wangu."

Koplo akainamisha macho kwenye karatasi zake. Akasema kwa sauti ya chini, "Fikiria tu, baba. Hatuna haraka."

Mwishowe Onesmo akampa namba ya Bujiku, mtu aliyemwona mara moja maishani mwake.

Mzee alifika kwa bodaboda, amevaa koti zito ingawa jua lilikuwa kali.

"Unamfahamu huyu?" Paskalina akamuuliza.

"Namfahamu. Alikula kwangu." Akaichukua ile bunduki mezani, akaigeuza. "Ni fundi mzuri, ila magazini kaipachika kinyume. Askari akienda hivi, adui atakufa kwa kicheko."

Paskalina akacheka, akaandika maelezo. Alimwambia Onesmo alete barua ndipo aichukue bunduki, na zote kumi na mbili zije ndani ya sanduku, kituo kikiwa kimejulishwa.

Nje, Onesmo akasema, "Nimekusumbua, mzee."

"Sikuwa na kazi," Bujiku alijibu, akapanda bodaboda.

Jioni ukaingia ujumbe wa Esta: *Baba nilikuwa kazini. Kuna shida?* Onesmo akaandika maelezo marefu, akayafuta, akatuma: *Hakuna.*

Siku ya Mashujaa uwanja wa shule mjini Shinyanga ulijaa. Vijana walitambaa vumbini na bunduki kumi na mbili za mninga, magazini zimepachikwa sawasawa. Baruti za sherehe zililia. Watu wakapiga makofi, na Donatus akashukuru kwenye kipaza sauti "wadau wote waliofanikisha." Onesmo alitafuta koti zito katika umati, hakuliona. Baadaye bunduki zikatupwa nyuma ya pikapu kama kuni. Hakuna aliyemuuliza yeye ni nani.

Hakwenda stendi. Akachukua bodaboda mpaka Kolandoto.

Bujiku alikuwa kwenye benchi lake.

"Hukuja, mzee."

"Sikuja. Walianguka wangapi?"

"Saba."

"Kisha?"

"Mchezo ulipokwisha wakasimama wote. Wakajipangusa vumbi, wakaenda kunywa soda."

Mzee akatikisa kichwa polepole, akiutazama mguu wake ulionyooka.

"Vizuri," alisema. "Vizuri sana."

Akasogea, akaacha nafasi. Onesmo akaketi. Ng'ombe wa jirani walipita wakirudi zizini, na vumbi lao likatulia. Wakati huo gari la mwisho la Kahama lilikuwa limeshaondoka, naye alijua, lakini hakuaga.