Gogo la Mkulo Lenye Watoto Mgongoni

Wenye kubisha na wabishe, lakini Shechambo analala mchana kweupe, tumbo limejaa makande ya mkewe, mgongo umeegemea gogo la mti wa mkulo lililoanguka zamani huko msituni. Kamati ya chemchemi imemtuma alikate alichome, msitu uwe safi, maana miche wanayopanda hapo chini inakufa kila mwaka na maji ya kijiji yanazidi kupungua. Anafumba macho kidogo tu, na zulia la kuvumwani, lile la kijani lililolifunika gogo, linafunguka kama pazia, naye huyo, ndani. Kule njia zinatembea zenyewe, ukiifuata inakufuata, ukigeuka imeshakupita, na ukungu unadondoka badala ya mvua, na miti ina ndevu kushinda shehe yeyote, na ndani ya kidimbwi upo mji mzima wa miti kichwa chini, kila mti umekaa juu ya mwingine uliolala. Mtu anamjia, hana uso, mahali pa uso pana umande. Kitendawili, anasema. Tega, anajibu Shechambo, ila chepesi, mimi mstaafu. Amekufa lakini ananyonyesha. Huyo ni mama mkwe wangu, anasema Shechambo, anacheka peke yake. Yule hacheki, atacheka na nini, anamshika mabega anamgeuza alitazame gogo, lile lile la kamati, na mgongoni mwake vimche vimejipanga, mizizi imezama kwenye mti uliooza. Huko chini kwenye udongo kuvu inawaua watoto hawa wangali wachanga, anasema, hapa juu wanapona, na wewe umekuja na shoka. Nimetumwa, bwana. Basi kawaambie maji yanalala wapi. Shechambo anabonyeza gogo, maji yanamchuruzika mpaka kiwikoni.

Wee Baba Kupaza! Mkewe kasimama na kikapu. Umekata? Nimelala miaka mingapi, mke wangu? Miaka? Mimi hata mboga ya mnavu sijajaza kikapu! Shechambo anapapasa mgongo wa gogo. Vimche vipo, vidogo kama vidole vya mtoto, wala hajui kama asubuhi vilikuwepo. Halikatwi, anasema, na miche ya kamati wailete huku juu ya gogo. Watasema umerukwa na akili. Waje wabonyeze wenyewe. Anainama achukue shoka, mkono unabaki hewani. Mpini umeota kuvumwani, na juu yake kimche, majani mawili. Mama Kupaza anaangalia mpini, anamwangalia mumewe, anajitwika kikapu. Wanateremka polepole, shoka Shechambo kalibeba wima kama anayebeba kichanga, na wakifika kwenye mashamba anamuuliza mkewe, hivi mbuzi umewafunga, wasije wakakitafuna kimche?